Kununua kiwanja Lubumbashi: karatasi za kudai kabla ya kutoa pesa

Hivi karibuni nilimsindikiza shemeji yangu kununua kiwanja huko Luwowoshi, katika komini (wilaya ya mji) ya Annexe. Muuzaji alitutolea mkataba wa mauzo wenye mihuri mitatu, na shemeji akaamini kwamba mihuri ndiyo umiliki. Sivyo. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, udongo ni mali ya Serikali peke yake. Sisi raia tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya anrejistrema tu, yaani hati ya Serikali iliyoandikishwa kitabuni. Karatasi ya mkuu wa mtaa inashuhudia kwamba watu wawili wamepatana mbele yake, basi.

Hatua ya kwanza: dai sertifika yenyewe, si picha yake katika simu, na uilinganishe na kitambulisho cha muuzaji. Ikiwa jina ni la marehemu baba yake, ngoja mpaka warithi waihamishie kwa majina yao. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, naye atie sahihi.

Hatua ya pili: peleka sertifika hiyo kwa konservateri wa hati za ardhi, ofisa anayetunza vitabu vya hati hizo. Hapa ndipo tulipopoteza siku tisa, kwa hiyo mnivumilie. Kila sertifika huandikwa nakala mbili: moja inabaki ofisini ikiwa ukurasa wa kitabu, ya pili anapewa mwenye haki. Nambari za volimi (kitabu) na folio (ukurasa) zilizoandikwa juu ya nakala yenu lazima ziupate ukurasa huo, na katika ukurasa huo huo muulize kama kuna rehani ya benki au pingamizi la mahakama. Lubumbashi ina zaidi ya ofisi moja ya namna hii, kwa hiyo hakikisheni kwanza kwamba kiwanja ni cha ofisi mliyoiendea. Nendeni wenyewe, komisioneri, yaani dalali, analipwa pale tu mauzo yanapofanyika, na sijamwona bado anayerudi na habari mbaya.

Volimi na folio zetu zilipatana, shemeji akaanza kutabasamu, lakini mimi nikasoma eneo: ari 48 (ari moja ni mita za mraba 100). Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa mita 20 kwa 30, yaani ari 6. Mzee yule, muuzaji wetu, alikuwa amekata shamba lake vipande vinane kwa kamba na jembe, bila mpimaji wa kadasta (ofisi ya Serikali ya upimaji ardhi), na sertifika aliyokuwa akiwaonyesha wanunuzi wote ilikuwa ile moja ya shamba zima. Kipande chetu hakikuwa na nambari, na kwa ofisi, kitu kisicho na nambari hakiuziki. Tulimwomba kwa heshima agawanye kwanza kwa njia halali: mpimaji afike, alama zipandwe, taarifa ya upimaji iandikwe, na kila kipande kipate nambari na sertifika yake. Alikasirika, kisha akakubali. Mpimaji alipofika, jiwe lililopakwa chokaa chini ya kichuguu, ambalo tulikuwa tumeambiwa ni mpaka, lilionekana kuwa hatua tatu ndani ya njia ya watu.

Kwa kukagua mipaka mimi naamini utepe wa kupimia wa mita 50, wala si programu ya simu, ambayo inakosea kwa mita kadhaa na bado inaonyesha mstari mzuri. Tena nendeni wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamekwisha kuungua, kwa maana mwezi wa Januari hutaiona alama hata ukiikanyaga.

Hatua ya tatu: mkataba uandikwe mbele ya notari au konservateri mwenyewe.

Hatua ya nne: lipeni kwa benki, na kila ada ya ofisi idaiwe risiti.

Hatua ya tano: ombeni uhamisho mara moja. Sertifika ya muuzaji inafutwa na mpya inatolewa kwa jina lenu. Msiiache kwa mwakani, kwa sababu muuzaji ambaye jina lake lingali kitabuni anaweza kuuza tena. Sheria inatoa miaka 2 ya kuipinga hati iliyopatikana kwa makosa au kwa hila, na hesabu hiyo haianzi kabla jina lenu halijaandikwa. Siku ya kuichukua, someni jina herufi kwa herufi mkiwa bado dirishani: la shemeji lilikuwa limepungua herufi moja, na karani alilisahihisha kabla hatujafika mlangoni.