Kujenga modeli ya Cutty Sark kwa skeli ya 1:96, kuanzia mbao tupu

Kabla ya kushika msumeno, chukua rula uitazame milimita moja. Kwa skeli ya 1:96, milimita hiyo ni karibu sentimita 10 kwenye meli yenyewe. Uzi wa mm 1 unaouona mwembamba kiganjani ni kamba ya unene wa sentimita 10, na hakuna baharia angeweza kuikunja wala kuifunga. Modeli nyingi za klipa, yaani meli za matanga ziendazo kasi kama Cutty Sark, huharibiwa na jambo hili moja: kila kitu ni kinene mno. Milingoti minene, kamba nene, rangi nene. Basi kabla hujagundisha chochote, kizidishe kwa 96, kisha jiulize kama kitu cha ukubwa huo kingeweza kuwa melini.

Skeli yenyewe imetokana na vipimo vya Kiingereza, ambapo thumuni ya inchi husimama badala ya futi moja. Cutty Sark ina mwili wa mita 64.8 na upana wa mita 11. Ukijumlisha na dasturi, boriti inayochomoza mbele, inafikia mita 85 na kidogo. Kwa 1:96 unapata mwili wa sentimita 67.5, upana wa sentimita 11.5, na urefu wote wa sentimita 89. Inaenea mezani, na bado vitu vyake si vidogo kiasi cha kuumiza macho.

Hatua ya 1: Chagua mwaka

Wengi huruka hatua hii. Meli hii ilishushwa majini Dumbarton, Scotland, tarehe 22 Novemba 1869, siku tano tu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa. Ilijengwa kubeba chai kutoka China, lakini meli za moshi zilipata njia ya mkato na biashara hiyo ikaiponyoka. Kuanzia 1883 ikawa inabeba sufu kutoka Australia, na kabla ya hapo milingoti na foromali zake (miti ya kukingama inayobeba matanga) zilikuwa zimefupishwa. Mwaka 1895 iliuzwa kwa Wareno. Kwa hiyo ziko Cutty Sark kadhaa, na ukichanganya mlingoti wa enzi ya chai na sitaha ya enzi ya sufu utapata meli ambayo haikuwahi kuwapo.

Mimi nashauri enzi ya chai, miaka ya 1870. Ndiyo yenye milingoti mirefu, na ndiyo sura iliyorudishwa meli ilipowekwa gudini Greenwich, London, mwaka 1954. Picha zake za leo ni nyingi, hivyo una pa kutazama ukikwama. Tafuta michoro ya George F. Campbell, mhandisi aliyefanya kazi kwenye ukarabati ule. Ipeleke kwenye duka la fotokopi, toa nakala kadhaa, kisha pima kila nakala kwa rula kabla ya kulipa. Mashine nyingi hupunguza au kuongeza asilimia moja au mbili, na kwa sentimita 67 hilo ni kosa la sentimita nzima.

Hatua ya 2: Mbao

Kuna njia mbili za kujenga mwili. Ya kwanza ni ya mataruma: unasimamisha viunzi vya plaiwudi juu ya mkuku (uti wa chini wa meli), kisha unavivika vipande vyembamba vya mbao, kimoja kimoja. Ya pili ni ya matabaka: unakata mbao bapa kwa kufuata mistari ya maji iliyo kwenye mchoro (mistari inayoonesha umbo la mwili ukikatwa kwa ulalo), unazigundisha moja juu ya nyingine, kisha unachonga. Anayejenga mara ya kwanza atasikia kwamba ya kwanza ndiyo ya kifundi. Kwa meli hii sikubaliani. Cutty Sark imepakwa rangi nyeusi juu na kuvikwa bamba la madini chini, kwa hiyo mbao za ubavuni hazionekani kabisa. Kwa nini utumie miezi kupanga mbao utakazozifunika? Nenda na matabaka.

Meli yenyewe ilikuwa na mataruma ya chuma na mbao za msaji, lakini usichonge modeli kwa msaji. Una mafuta, gundi haiushiki vizuri mpaka uufute kwa spiriti, na ni mgumu kwa patasi ndogo. Mvule nao nyuzi zake huenda huku na huku, zikachanika pale unapotaka mkunjo laini, na vumbi lake huwasha pua na kifua. Msonobari mkavu usio na vifundo unatosha. Mkangazi laini ni mzuri zaidi ukiupata kwa bei ya haki. Ulizia vipande vilivyobaki kwa mafundi samani.

Ubao uwe na unene sawa na nafasi kati ya mstari mmoja wa maji na unaofuata kwenye mchoro wako. Ukiwa mnene zaidi, piga randa. Rekebisha mbao zifuate mchoro, kamwe usirekebishe mchoro ufuate mbao.

Hatua ya 3: Mwili

Piga mstari wa katikati kwenye kila ubao, juu na chini, na mistari ya kukingama kwa kila kituo cha mchoro (mahali mchoro unapoonesha mwili ukikatwa kwa upana). Toboa matundu mawili yanayopita mbao zote kwenye mstari wa katikati, upitishe vijiti vya duara. Vijiti hivyo ndivyo vitakavyozuia tabaka kuteleza gundi ikiwa mbichi. Kata kila tabaka ukiacha mm 1 nje ya mstari, paka gundi nyeupe ya mbao, bana kwa jiliwa, uache usiku kucha.

Sasa una kitu chenye ngazi ngazi. Kata vielelezo vya kadibodi ngumu kwa kila kituo, kushoto na kulia. Chonga ngazi kwa patasi na randa ndogo, na ukikaribia umbo, ishike tupa. Ukingo wa kielelezo upake chaki ya rangi, usukume ubavuni. Chaki itabaki palipoinuka, nawe punguza hapo tu.

Omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ndiyo inayotaka subira. Msanifu, Hercules Linton, alichukua umbo la omo kutoka meli nyingine ya mwenye mali huyohuyo, John Willis: The Tweed, iliyojengwa Bombay kwa msaji mwaka 1854, ikiwa hapo mwanzo ni meli ya kivita ya moshi. Omo hii ni kali, na karibu na maji ina mbonyeo mdogo. Wachongaji wengi huuziba mbonyeo huo bila kujua, kwa sababu msasa hupenda kulainisha kila kitu kuwa mviringo. Funga msasa kwenye kijiti cha duara, upitishe kwa urefu wa meli, si kwa kukingama.

Kujua kama ubavu umekaa sawa, zima taa ya darini na uweke taa ndogo upande wa tezi (nyuma ya meli), mwanga ukilamba ubavu. Kila tundu na kila kinundu kitatoa kivuli. Kisha fumba macho, upitishe vidole kutoka omo hadi tezi. Vidole huona kilichofichwa na macho. Jaza puti palipopungua, msasa namba 240, praima, halafu tazama tena. Rudia mpaka taa isikuoneshe kitu. Kosa lililobaki hapa litaonekana mara mbili zaidi chini ya rangi nyeusi.

Ongeza mkuku na fashini (mti uliosimama mwishoni mwa mkuku) kwa ubao mgumu wa mm 4. Ukingo wa juu wa sitaha ufanye kwa ukanda mwembamba uliolowekwa maji ya moto na kukunjwa ukiwa mbichi. Rangi nyeusi ipulize au ipake katika matabaka membamba matatu au manne. Mistari ya dhahabu na mapambo ya tezi yasubiri mwisho.

Hatua ya 4: Bamba la chini

Chini ya maji meli ilivikwa madini ya Muntz, mchanganyiko wa takriban asilimia 60 ya shaba nyekundu na 40 ya zinki, ili kuzuia mwani na wadudu watoboao mbao. Rangi yake ni ya manjano kuliko shaba tupu, kwa hiyo ukipata utepe wa rangi ya shaba ya manjano, chukua huo.

Bamba la kawaida la enzi zile lilikuwa na urefu wa futi 4 na upana wa inchi 14. Kwa skeli yetu ni mm 12.7 kwa 3.7. Kata vipande kwa kisu kikali juu ya kioo. Utahitaji elfu mbili na ushei, basi washa redio. Anza tezi, chini kabisa kwenye mkuku, uende mbele: kila bamba la mbele lilalie kidogo lile la nyuma yake, ili maji yakipita yasiliinue. Panda mstari kwa mstari, maungio yapishane kama matofali ya ukutani. Ukimaliza futa alama za vidole kwa siki na chumvi kidogo, suuza, kausha, kisha vanishi isiyong'aa.

Hatua ya 5: Sitaha

Vipande vya upana wa mm 1.5, urefu usiozidi sentimita 7. Kalafati (kizibo cha maungio) kati ya mbao ifanye kwa kupaka ukingo mmoja wa kila kipande penseli laini. Wino wa kalamu ya kuweka alama hupenya ndani ya mbao ukaharibu. Vibanda, vifuniko vya ngama (chumba cha shehena), mashua na pampu vifuate mchoro; havina siri. Toboa sasa matundu yote ya vijiti vya kufungia kamba, maana milingoti ikishasimama mkono hautafika.

Hatua ya 6: Milingoti na foromali

Foromali kubwa ya mlingoti mkuu ilikuwa na urefu wa mita 23.8, yaani sentimita 24.8 kwako, na inakonda kutoka katikati kwenda ncha zote mbili. Anza na kijiti cha pembe nne, kikonde kwanza kikiwa bado cha pembe nne, kisha kifanye cha pembe nane, kumi na sita, halafu msasa. Ukianza na kijiti cha duara kutoka dukani, ncha zitakupinda upande.

Foromali za juu ni nyembamba mno kwa mbao za kawaida. Tumia mwanzi: vijiti vya mishikaki, vilivyopasuliwa na kukwanguliwa. Nyuzi zake zimenyooka na haivunjiki ovyo.

Mlingoti wa mbele una foromali tano, mkuu sita, galme (mlingoti wa nyuma) tano. Kila moja iwekee makapi (roda za kupitishia kamba) na vitanzi vyake ukiwa mezani.

Kuhusu matanga, ushauri wangu ni usiweke. Nguo nyembamba kabisa ikizidishwa kwa 96 inakuwa turubai la kamba. Lakini ukiacha matanga, zingatia kwamba foromali za juu hupandishwa kwa henza (kamba ya kupandishia) tanga linapofunguliwa. Zisipobeba tanga hushuka. Modeli isiyo na matanga yenye foromali zote zimepanda juu inamwambia baharia kwamba aliyeijenga hakujua.

Hatua ya 7: Kamba

Kamba za kushikilia milingoti ni nyeusi, na nene zaidi iwe mm 0.4. Kamba za kuendeshea matanga ni za rangi ya katani, mm 0.2 hadi 0.25. Ngazi za kamba ni mm 0.1, uzi wa wavuvi wa kufungia chambo unafaa. Chagua poliesta au kitani. Pamba hapa pwani hunywa unyevu masika na kukaza, kisha hulegea kiangazi, na mlingoti mwembamba utapinda. Kila uzi upitishe kwenye nta ya nyuki ili manyoya yalale.

Utaratibu: kutoka ndani kwenda nje, kutoka chini kwenda juu. Dasturi na kamba zake za chini kwanza. Kisha kamba za ubavuni za mlingoti wa mbele, moja kulia, moja kushoto, ukipishanisha, ili mlingoti usivutwe upande. Halafu kamba inayoenda mbele. Ndipo mlingoti mkuu, kisha galme. Usikaze kwa nguvu: kamba ikiwa imenyooka, inatosha. Ukiikaza ya tatu na ya kwanza ikalegea, umezidisha.

Ngazi huwachosha watu. Chora mistari yenye nafasi ya mm 4 kwenye karatasi nyeupe, iweke nyuma ya kamba za ubavuni, ufunge kila daraja kwa kuizungusha kamba mara mbili na kupitisha ncha chini ya mzunguko. Anza kamba ya katikati, si pembeni, la sivyo kamba za pembeni zitavutwa ndani. Tone dogo la gundi nyeupe iliyochanganywa maji, si gundi ya papo hapo, ambayo huacha doa jeupe na kuufanya uzi ukatike.

Kamba zinazoshuka sitahani zifunge, ukate, kisha tundika kwenye kijiti koili uliyoitengeneza pembeni. Ukijaribu kuviringisha ncha yenyewe melini utapoteza siku nzima.

Hatua ya 8: Nannie na kasha

Sanamu ya omo ni Nannie, mchawi wa shairi la Robert Burns, aliyeshika mkia wa farasi. Jina la meli ni shati lake fupi. Tumia waya mwembamba wa shaba kama mifupa, uuvike epoksi ya kufinyanga, uchonge ikianza kukauka. Mkono ulionyooshwa ndio utakaotazamwa, uso hauzidi punje ya mchele.

Kasha la kioo la sentimita 100 kwa 38 kwa 72 linatosha. Toboa matundu madogo chini na uyafunike kwa wavu mwembamba, hewa ipite na mdudu asipite. Misumari yote iwe ya shaba, kwa sababu chuma karibu na bahari kitachuruzisha kutu kwenye mbao. Kama mbao zako zilikuwa na alama ya fukusi hata tundu moja, tia dawa kabla ya kufunga kioo, kisha chungulia kila baada ya miezi kadhaa kama kuna unga mpya sakafuni mwa kasha.