Jinsi ya kuomba diski iachiwe na faili za SMF

SMF ni sehemu ya z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu (kompyuta kubwa), inayoandika rekodi za yanayotendeka humo. Ombi la kuondoa faili zake kwenye diski likirudishwa mara mbili tatu, mara nyingi ni kwa sababu umeandika "naomba diski iachiwe" ukaishia hapo. Sisi tulioko Mwanza tunaifikia meinfremu kwa mbali, na anayeidhinisha haoni tunachokiona kwenye konsoli. Mwonyeshe.

Andika amri D SMF, kisha nakili jibu lote kwenye ombi. Linataja kila faili, diski iliyoibeba, imejaa asilimia ngapi, na hali yake. ACTIVE ndiyo inayoandikwa sasa hivi. ALTERNATE ni tupu, inangoja. DUMP REQUIRED ina rekodi ambazo hazijatolewa, yaani hazijanakiliwa kwingine, na hiyo ndiyo ya kuogopa. (Kama z/OS yenu inaandika SMF kwenye logi strimu (mkondo wa kumbukumbu) badala ya faili hizi, hatua zake ni nyingine.)

Tuseme diski PRD014 ina SYS1.MAN1, huku MAN2 na MAN3 zikiwa kwingine. Taja hayo, sababu, nani ataandika amri, mtarudi nyuma vipi mambo yakiharibika, na saa ya kazi. Kuhusu saa, wakati wa masika usiombe usiku wa manane kama mna laini moja tu ya intaneti. Radi za ziwani mnazijua.

Sahihi ziwe mbili: ya msimamizi wa diski na ya mwenye rekodi. Hii ya pili watu huiruka, nami nawasihi msiiruke. Rekodi ya aina ya 80 ndiyo inayomwambia mkaguzi nani alijaribu kufungua nini. Ya aina ya 30 inaonyesha kazi gani ilitumia kompyuta kiasi gani. Niliwahi kuona faili ikifutwa kabla ya kutolewa. Rekodi za siku zile hazikurudi tena.

Ukiidhinishiwa, na MAN1 ikiwa ACTIVE, andika I SMF ili uandishi uhamie faili nyingine. Kisha endesha IFASMFDP, programu ya kutoa rekodi za SMF, kwa OPTIONS(DUMP). Najua OPTIONS(ALL) hutoa na kusafisha kwa mkupuo mmoja, lakini hapa nenda polepole: toa, soma ripoti ya idadi ya rekodi, hakikisha nakala inafunguka, ndipo uendeshe tena kwa CLEAR.

Sasa nakili SMFPRMxx, yenye mipangilio ya SMF, kwa namba mpya, mfano SMFPRM02, uondoe SYS1.MAN1 kwenye DSNAME, orodha ya faili. Andika SET SMF=02. Usisahau kubadilisha pia SMF= ndani ya IEASYSxx, yenye mipangilio ya kuwashia mfumo, la sivyo mfumo ukiwashwa upya utaitafuta faili uliyokwisha kuifuta.

Rudia D SMF. MAN1 ikiwa haimo tena, ifute kwa IDCAMS, programu ya kushughulikia faili.

Bado usiitoe diski kwenye mfumo. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, hakuna anayesogeza mtumbwi kabla ya kuuliza magunia ya dagaa yaliyomo ni ya nani. Uliza hivyo hivyo: D U,,ALLOC,0A14,1, ukiweka namba ya kifaa chenu. Jibu litataja kila kazi iliyoishika diski. Likitaja jina lolote, mtafute mwenyewe kwa simu, mwache amalize. Pasipo na jina, andika V 0A14,OFFLINE.

Bandika D SMF ya mwanzo, ripoti ya idadi ya rekodi na jibu la amri hiyo ya mwisho kwenye ombi, ndipo ulifunge.