Kusomea afya kwa fedha za msimu: somo kwa vijana na wazazi wa Mtwara na Lindi

Swali la kwanza la wazazi wengi huku kusini ni "ada shilingi ngapi?" Ada imeandikwa, haina fumbo. Kinachowarudisha vijana nyumbani ni gharama zilizo nje ya ada, pamoja na tarehe. Vyuo hufungua Septemba au Oktoba, wakati korosho bado zinaokotwa au ziko ghalani zikisubiri mnada. Ndiyo maana hapa tunaanza na njia ya fedha, kozi inafuata.

Hatua ya 1: Soma matokeo yako ya kidato cha nne

Kozi ya utabibu, na ile ya uuguzi na ukunga, zinataka ufaulu usiopungua D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Famasi nayo inataka nne, lakini ya lazima ni Kemia na Baiolojia. Wengi hukwama kwenye Fizikia, wakakata tamaa bila kujua kwamba famasi bado iko wazi kwao.

Ukikosa somo moja, rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguka mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. Chagua kituo chenye maabara, kwa sababu masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, na huko ndiko wanaojisomea nyumbani wanakopoteza alama.

Hatua ya 2: Chagua njia kwa kufuata fedha

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni ndefu, na wengi huiruka kwa haraka ya kupata kazi: kidato cha tano na sita katika shule ya serikali. Ada yake ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Ukimaliza na ufaulu mzuri unaomba shahada, na Bodi ya Mikopo (HESLB) inakopesha wanafunzi wa shahada za afya. Chukua PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ukiweza. CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) inakufungia udaktari, kwa kuwa shahada ya udaktari inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita.

Njia ya pili ni stashahada yenye mkopo. HESLB ilianza kukopesha ngazi hii mwaka 2023/24, lakini si kozi zote. Kwa upande wa afya, mwongozo wa mwaka huo ulitaja kozi kama fiziotherapia, tiba kazi, optometria, tiba ya meno, utengenezaji wa viungo bandia, kumbukumbu za afya na uhandisi wa vifaa tiba. Utabibu na uuguzi havikuwemo. Hapa ndipo watu wanapoumia: kijana anajiunga na uuguzi akitegemea mkopo, anafika Desemba hana kitu. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba, mstari kwa mstari, maana orodha inaweza kubadilika. Kumbuka pia kwamba nyingi za kozi hizi ziko mbali. Fiziotherapia na viungo bandia utavikuta kwenye hospitali ya KCMC Moshi, uhandisi wa vifaa tiba uko Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha. Nauli iingie kwenye hesabu.

Njia ya tatu ni chuo cha karibu kwa fedha za familia. Mtwara, Masasi, Newala, Ndanda, Nachingwea na Lindi kote kuna vyuo vya afya, vya serikali au vya mashirika ya dini. Faida kubwa ni chakula: gunia la mahindi na mbaazi za nyumbani zinafika kwa basi.

Ya nne ni mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024. Mafunzo ni miezi 6, na umepangwa kwa watu wawili kila kitongoji, mwanamke na mwanaume. Haikupi stashahada, lakini inakuingiza kwenye kazi. Fuatilia matangazo kwa mtendaji wa kijiji.

Hatua ya 3: Nyoosha majina mapema

Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) lifanane herufi kwa herufi. "Saidi" na "Said" kwa mfumo ni watu wawili. Yakitofautiana, anza taratibu za kurekebisha sasa, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kihakikiwe. Kaya iliyo TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) iweke namba yake kwenye maombi, kwani inathibitisha uhitaji. Fomu ya mkopo inataka pia mdhamini, saini ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya wakili au hakimu. Fomu nyingi hukwama kwa saini moja tu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwaka mzima

Chukua maelekezo ya kujiunga ya chuo, jumlisha kila mstari: ada, mitihani, sare, bima, hosteli. Halafu ongeza visivyoandikwa. Tuseme maelekezo yanafika 2,000,000. Chakula 100,000 kwa miezi 10 ni 1,000,000. Nauli, makaratasi na sabuni 200,000. Mwaka huo unahitaji 3,200,000, wala si ile milioni moja na kitu ya ada uliyoisikia.

Vifaa usivinunue vyote siku ya kwanza. Saa yenye mshale wa sekunde na kipimajoto vinahitajika mapema, mashine ya presha wanaweza kuchangia wawili wa chumba kimoja. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu miezi 6 tangu ya kwanza. Anza kabla hujaingia wodini.

Sasa zigawe kwa msimu. Fedha ya ufuta, inayopatikana kati ya Juni na Julai, ndiyo ya kuingilia chuoni. Korosho ilipe awamu inayofuata. Andika barua kwa mkuu wa chuo kabla ya kufungua, ueleze kuwa familia inauza kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na malipo huja baada ya mnada, uombe awamu zenye tarehe. Barua iliyotangulia deni husikilizwa kuliko ombi la siku ya mtihani. Asiyekamilisha ada anaweza kuzuiwa kufanya mtihani, na hapo nusu mwaka imepotea pamoja na fedha zake.

Tafadhali, msiuze korosho kwa kangomba (kwa walanguzi, kwa bei ya chini nje ya ushirika) ili kuwahi ada. Unampa mtu mwingine fedha ya awamu mbili ili ulipe moja.

Hatua ya 5: Omba na ulipe kwa njia rasmi

Hakikisha kwenye tovuti ya NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi) kwamba chuo kimesajiliwa, kisha hakikisha kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwe nao. Vyuo vya serikali hulipwa kwa kontroli namba. Anayekuelekeza utume kwenye simu ya mtu, achana naye.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tandahimba:* Shikamooni wakubwa. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri unaweza kulipa ada?

Marahaba, mdogo wetu. Hapana. Ule ni wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa ajili ya shughuli za kuwaingizia kipato. Mama yako akiwa kwenye kikundi, faida ya biashara inaweza kusomesha, lakini mtaji usiguswe.

*Mzazi, Ruangwa:* Binti yangu yuko mwaka wa pili uuguzi, fedha imekata kabisa. Aache?

Pole sana, mama. Asiondoke kimya kimya. Stashahada ina ngazi tatu, NTA 4, 5 na 6. Kama kuna namna ya kumsogeza amalize ngazi ya 5, asimame hapo, kwa sababu ngazi hiyo ina cheti chake. Ikishindikana, aandike barua ya kuahirisha masomo na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Anayepotea bila barua huhesabiwa ameacha, na kurudi kunakuwa kugumu. Aende pia kwa mlezi wa wanafunzi, maana wafadhili wa makanisa, misikiti na watu binafsi mara nyingi hupitia ofisi hiyo.

*Mwanachama, Kilwa:* Nikimaliza stashahada ya utabibu naweza kuendelea na shahada?

Ndiyo, ukitoka na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 na kutimiza masharti mengine ya chuo unachoomba. Utahitaji namba ya uhakiki, AVN, inayotolewa na NACTVET. Matokeo yako yasipopelekwa huko na chuo, hupati namba. Uliza kila mwisho wa mwaka kama yamepelekwa, usisubiri kuhitimu.

*Mwanachama, Masasi:* Hosteli au geto?

Mwaka wa kwanza hosteli, kama nafasi ipo. Zamu za usiku wodini zikianza, kutembea gizani ni hatari, na bodaboda ya kila usiku inakula ile tofauti ya kodi.