Kabla kampuni tatu hazijaingia saiti moja

Fundi bomba katoboa sakafu ya ghorofa ya tatu, kafunika tundu kwa ubao, kaondoka. Kesho yake fundi rangi anatafuta ubao wa kukanyagia na anauona ule pale. Hakuna aliyekaidi bosi wake. Ila kampuni zao hazina mkataba baina yao. Kila moja ina mkataba na mkandarasi mkuu tu, basi habari hupanda juu na kukwama huko.

Kwa hiyo amueni mapema habari zitapitia kwa nani. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unamwachia mkandarasi mkuu jukumu la kuratibu usalama pale waajiri wawili au zaidi wanapofanya kazi kwa pamoja saiti moja, na kila mwajiri anabaki na wajibu kwa watu wake. Kuratibu si kukusanya saini kwenye daftari, ingawa ndivyo wengi wanavyokufanya. Atajwe mtu mmoja, na wa kumshikia zamu ya usiku.

Kisha kila mkandarasi mdogo aeleze kazi yake itawaletea wengine hatari gani. Hapa ndipo wengi hupwaya, maana wamezoea kuwaza watu wao tu. Mchomeleaji aseme cheche zitaangukia wapi na saa ngapi. Wa rangi aseme tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, itafunguliwa wapi: mvuke wake hushika moto, ni mzito kuliko hewa, na hutuama mashimoni. Fundi umeme aseme laini ipi imezimwa na ufunguo wa kufuli la swichi yake uko kwa nani. Na lile tundu? Kifuniko kipigiliwe, kiandikwe TUNDU kwa rangi, na anayetaka kukiondoa aombe kibali.

Ulizeni pia nani analeta vibarua wa siku. Mkandarasi mdogo naye huwa na wadogo zake, na hao hawakuwapo kwenye kikao cha usalama cha Jumatatu. Wapewe maelezo getini, kwa lugha wanayoielewa, nao wayarudie kwa maneno yao. Kutikisa kichwa hakutoshi.

Mwisho ni ishara za mikono, kwa kuwa karibu na mashine ya zege sauti haifiki. Mwendesha kreni amfuate mwelekezaji mmoja tu, isipokuwa ishara ya kusimama: hiyo aitii hata ikitoka kwa kibarua aliyefika asubuhi hiyo.