SOMO: Seramu ya vitamini C usoni

Naulizwa kila siku jinsi ya kupaka seramu hii, yaani majimaji ya kufifisha madoa usoni, kwa hiyo naandika mara moja.

1. Asubuhi, nawa uso kwa sabuni laini na uukaushe.

2. Paka matone matatu au manne, uso na shingo. Macho yaache.

3. Chupa. Hela nyingi zinapotelea hapa. Vitamini C halisi, yaani asidi askobiki, inaharibiwa na mwanga, hewa na joto. Kwa joto la Dar, usiiache dirishani wala kwenye gari. Nunua chupa ndogo ya kioo cheusi, funga mara tu ukishatumia, iweke kwenye friji. Kabla ya kulipa, dondosha tone moja kwenye kiganja: nzima huwa kama maji au njano hafifu. Ikifikia rangi ya chai ya mkandaa, imekufa. Usinunue, na kama ni yako usiimalizie eti ya bei ghali.

4. Losheni yako ya kawaida.

5. Losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Ukiiruka hii, madoa yatarudi.

Anzeni na seramu yenye vitamini C asilimia 10. Ikizidi 20 faida haiongezeki, unaongeza muwasho tu.

MASWALI

— Naweza kukamulia limau badala yake?
Hapana. Maji ya limau yakikutana na jua yanaunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

— Siku ya tatu leo, sioni weupe.
Weupe nimeuandika wapi? Hii si mkorogo. Inafifisha madoa, tena kwa miezi, si siku.

— Dada, mbona inachonyota?
Swali zuri. Ili ipenye ngozi inabidi iwe na asidi kali, pH (kipimo cha ukali wa asidi) chini ya 3.5. Ikichonyota dakika moja na kutulia, sawa. Ikizidi, nawa, pumzisha ngozi, kisha rudi siku moja moja. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio. Na ukiona lebo ina vitamini E na asidi feruliki pamoja, chukua hiyo, haiharibiki haraka.

— Na retinoli je?
Retinoli, yaani vitamini A ya kupaka, ni ya usiku.

— Sina friji.
Kabatini, ndani ya boksi lake, mbali na jiko. Nunua ndogo zaidi uimalize mapema.

— Vidole vyangu vimekuwa vya njano, na ushungi mweupe umepata doa!
Ni seramu iliyobaki mikononi. Nawa mikono ukimaliza kupaka, na usubiri uso ukauke ndipo uvae ushungi.

— Losheni ya jua inaniacha kama nimepakwa chokaa.
Tafuta ya jeli, au yenye rangi ya kahawia. Kwenye ngozi yetu hazionekani.