Kabla ya kuingia ubia wa utafiti wa Ulaya, jua nani aliandika ajenda

Barua pepe huja hivi: mratibu wa mradi, pengine yuko Ujerumani au Uholanzi, anatafuta mshirika wa Afrika Mashariki. Andiko linafungwa baada ya wiki mbili, tafadhali tuma wasifu wako na makadirio ya bajeti. Naielewa furaha ya mtafiti wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayeipokea. Ila kufikia siku hiyo swali la utafiti limeshapangwa, tena si na mratibu wala na Tume ya Ulaya peke yake. Limepangwa zamani, mezani ambapo wenye viwanda walikaa viti vya mbele. Maandalizi yako yaanzie kwenye meza hiyo.

Historia yake ni fupi na inafaa kuijua. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 Umoja wa Ulaya ulivihimiza viwanda viunde majukwaa ya teknolojia: kampuni za sekta moja zikae na vyuo vikuu na taasisi za utafiti, ziandike ni utafiti gani unaohitajika kwa miaka mingi ijayo. Tarehe 20 Desemba 2007 baadhi ya mipango hiyo ilipewa mwili wa kisheria na fedha zake, ikawa ubia kati ya Umoja wa Ulaya na viwanda. ARTEMIS ilishika kompyuta zilizomo ndani ya magari, ndege na mitambo, ENIAC ikashika elektroniki ndogo kabisa, Clean Sky ndege, na IMI dawa. Mwaka 2014 ARTEMIS na ENIAC ziliunganishwa zikaitwa ECSEL. Mwaka 2021 jina likawa KDT, na 2023, baada ya sheria ya Ulaya ya chipu, likawa Chips. Ukikutana na nyaraka za zamani usidhani ni mambo tofauti. Majina yamebadilika, lakini vyama vya viwanda vilivyo nyuma yake vimebaki. Kile chama cha ARTEMIS sasa kinaitwa INSIDE, na bado kina kiti chake, pamoja na vyama vingine viwili, AENEAS na EPoSS.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuisoma ajenda ya utafiti na ubunifu ya ubia unaokuhusu, kabla hata ya kusoma tangazo la wito wenyewe, yaani mwaliko wa kutuma maandiko ya kuomba fedha. Kila ubia unayo na iko wazi kwa kila mtu. Kutoka kwenye ajenda hutengenezwa mpango kazi, na kutoka kwenye mpango kazi hutoka miito. Ziweke nyaraka hizo pembeni kwa pembeni uone sentensi zinavyohama kutoka moja hadi nyingine, wakati mwingine bila kubadilishwa sana. Tazama pia orodha ya waliochangia kuiandika. Fedha zinazofuata njia hiyo si ndogo. Katika Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya ya 2021 hadi 2027, iliyoanza na yuro bilioni 95.5, ubia tisa ulioundwa kwa kanuni moja mwaka 2021 ulitengewa na Umoja wa Ulaya karibu bilioni 10, na washirika wakaahidi kiasi kisichopungua hicho. Ule wa mitandao ya 6G pekee ulipangiwa milioni 900 za umma.

Hapo penye ahadi ya washirika pana jambo linalowapotosha wengi. Mchango wa viwanda mara nyingi si fedha taslimu. Ni saa za wahandisi, mashine za maabara, molekuli za dawa na data, vyote vikithaminiwa kwa yuro. Katika awamu ya pili ya IMI, 2014 hadi 2020, Umoja wa Ulaya uliweka hadi bilioni 1.638, na kampuni za dawa kupitia chama chao EFPIA ziliahidi hadi bilioni 1.425, sehemu kubwa kwa njia hiyo. Tuwe wa haki: kampuni kubwa za dawa hazikuchukua fedha za umma katika mpango huo. Fedha zilikwenda kwa vyuo, hospitali na kampuni ndogo. Lakini anayeleta wahandisi na molekuli ndiye anayejua afanye utafiti gani na gani asifanye, na hilo lina uzito kuliko fedha. Mwaka 2020 shirika la Corporate Europe Observatory lilitoa ripoti kwamba miaka michache kabla ya korona Tume ilipendekeza kazi ya kujiandaa kwa magonjwa ya mlipuko, na upande wa viwanda haukuibeba. Wahusika waliipinga tafsiri hiyo. Mimi naona somo lake kwa mshirika mdogo liko palepale: uliza ni nini hakimo kwenye ajenda.

Sasa wewe unaingilia wapi? Taasisi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo kwa kawaida zinastahili kupata fedha za Horizon Europe, kwa kuwa ni nchi za kipato cha chini au cha kati. Kawaida si daima, kwa hiyo soma masharti ya wito husika. Kwenye Chips, kwa mfano, sehemu ya fedha hutoka kwa serikali za nchi shiriki, na kila serikali hufadhili watu wake. Mlango ulio wazi zaidi kwetu ni Global Health EDCTP3, ubia wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, uliotengewa na Umoja wa Ulaya hadi milioni 800. Huo umejengwa kwa namna nyingine: mshirika wa Umoja si chama cha kampuni bali ni chama cha nchi za Ulaya na Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye matokeo. Watoto wadogo wa kando ya Ziwa Victoria huugua kichocho kama wakubwa, lakini kidonge kilichokuwepo kilikuwa kikubwa na kichungu. Kampuni ya Merck ya Ujerumani ilishirikiana na watafiti, kwa ufadhili uliojumuisha EDCTP, mtangulizi wa ubia huo, kutengeneza cha kuwafaa. Majaribio ya mwisho yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 wakala wa dawa wa Ulaya ukatoa maoni ya kukiunga mkono. Kiwanda kilikuwemo. Swali lilitoka kwa watoto.

Kabla ya kusaini mkataba wa washirika, andika kila unachoingia nacho: hifadhidata, programu, sampuli, mbinu. Matokeo huwa mali ya aliyeyazalisha, lakini wenzako hupata haki ya kutumia ulichokuja nacho kama kazi inakihitaji. Usipoorodhesha mipaka mapema utaitafuta baadaye na hutaipata. Usisubiri mratibu akukumbushe kibali cha utafiti cha COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, ridhaa ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Tanzania, kwa sampuli zinazotoka nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 au ile ya Kenya ya 2019. Ratiba yao haina nafasi ya miezi hiyo usipowaambia.

Ya ofisini ni mepesi. Hakikisha taasisi ina namba yake ya usajili ya tarakimu tisa, na mhasibu anajua kwamba gharama zisizo za moja kwa moja hulipwa kwa kiwango cha asilimia 25 ya zile za moja kwa moja. Kila mtu aandike siku zake za kazi kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza.

Julai 2025 Tume ilipendekeza bilioni 175 kwa programu ya 2028 hadi 2034. Ajenda za kipindi hicho zina hatua za kupokea maoni, na taasisi yako inaweza kutuma ya kwake. Kuhusu ile barua pepe, mjibu mratibu leo: kazi ninayopewa iko sehemu gani ya ajenda, nani aliipendekeza, na je, watu wa kwetu watakaopimwa au kuhojiwa wamo kwenye andiko kwa jambo lolote zaidi ya idadi yao?