Kupima joto la panya aliye kwenye mawimbi ya maikrowevu bila kudanganywa na kipimajoto

Wiki iliyopita nilimsaidia mwanafunzi ambaye panya wake wa maabara walionekana kupanda nyuzi 3 kwa sekunde 10. Panya walikuwa wazima. Tatizo lilikuwa waya wa kipimajoto.

Hatua ya 1. Pata kibali cha kamati ya maadili. Pima uzito wa kila panya.

Hatua ya 2. Wazoeze kushikwa na kukaa kwenye kizimba cha majaribio kwa siku kadhaa, kwani hofu peke yake huwapandisha joto. Pima saa ileile kila siku. Usiku panya huwa na joto zaidi.

Hatua ya 3. Kipimajoto. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima. Waya wa chuma ndani ya mawimbi hugeuka antena: huchemsha nyama inayogusa ncha yake na kuvuruga usomaji. Kuuelekeza waya mkingamo na uga wa umeme hupunguza kosa, hakuliondoi. Tumia kipimajoto cha nyuzinyuzi za kioo (fiber optic), kisicho na chuma. Kwangu hilo halina mjadala. Kilinganishe kwanza na themometa ya kawaida kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 42. Kiingize kwenye njia ya haja kubwa, kina kilekile kila mara (mimi hutumia sentimita 6), kisha kifunge kwenye mkia kwa utepe, la sivyo kitateleza na utadhani mnyama anapoa.

Ukiwa na waya wa chuma tu, zima mashine ndipo upime, na upime upesi.

Una shaka? Zima mashine ghafla. Namba ikianguka papo hapo, ulikuwa unapima waya, kwa sababu mwili hupoa polepole. Piga hesabu pia: wati 4 zinazonyonywa na kila kilo ya mwili hupandisha takribani nyuzi 0.07 tu kwa dakika, hata mnyama asipopoteza joto lolote.

Hatua ya 4. Kundi la pili la panya, la kulinganisha, likae kwenye kizimba hichohicho, feni ikivuma, mawimbi yakiwa yamezimwa. Bila kundi hili usiandike chochote.

Hatua ya 5. Tabia. Panya aliyefundishwa kubonyeza wenzo apate chakula huanza kulegea karibu na wati 4 kwa kilo, joto la mwili likiwa limepanda kama nyuzi 1. Wati hizo 4 ziligawanywa kwa 10 kupata kikomo cha wafanyakazi wanaokaa karibu na mawimbi, wati 0.4 kwa kilo. Akianza kujipaka mate manyoyani, anajipoza: andika dakika hiyo. Akijilaza hoi au kuhema kwa nguvu, zima mara moja.